Maombi ya Chumba cha Mashuka

Wanafunzi wa uuguzi walimwita Mama Mlezi, ingawa kazi yake pale chuoni ilikuwa kufundisha kufunga vidonda na kuchoma sindano. Ulezi wa ushirika wa wanafunzi Wakristo aliupokea mwaka ule mlezi wa zamani alipohama, kama mtu anavyopokea mtoto wa jirani: nishikie kidogo, narudi sasa hivi. Jirani hakurudi. Miaka ikapita, na kila Jumamosi mchana sebule yake ikawa inajaa vijana waliovua viatu mlangoni hata mtu asijue pa kukanyaga.

Mume wake alikuwa seremala. Alipochoka kuwaona wamekalia mikono ya makochi yake, alitengeneza mabenchi mawili marefu, na tangu siku hiyo wakamwita Mzee Benchi.

"Wenzangu wakizeeka wanaitwa babu," alilalamika. "Mimi naitwa samani."

Mama Mlezi hakupenda mafundisho ya kupaa juu. Aliwaambia kwamba imani ya Jumapili peke yake ni kama bandeji iliyofungwa juu ya nguo. Msalimie mgonjwa kwa jina kabla hujamgusa. Usiandike joto la mwili ambalo hukulipima. Ukikosea dawa, sema kabla hujaulizwa. Vijana walicheka, wakanywa chai, na wengi wao walibadilika kweli. Hata wasimamizi wa wodi walikuwa wakisema, hawa wa ushirika wapeni vitanda vya wagonjwa wagumu, hawakimbii.

Kati yao walikuwepo wawili aliowapenda kuliko wengine. Mmoja alikuwa Mwenyekiti, kijana mrefu mwenye sauti nzito. Akisimama kuomba hata waliosinzia walikaa sawa. Alipanga mikutano, alipanga nyimbo, na alijua nani amekata tamaa na nani hajalipa ada. Wa pili walimwita Swali. Hakuna somo lililoisha bila yeye kuinua kidole.

"Mama, kama Mungu anajua tunachohitaji, mbona tunamwambia?"

"Jamani, Swali!" wenzake walikuwa wakiguna. "Acha tule andazi."

Mwenyekiti alikuwa fahari yake. Swali alimpa hofu, kwa sababu mara nyingi hakuwa na jibu, na kijana alikuwa akiliona hilo machoni pake na kunyamaza kwa heshima.

Walipopelekwa hospitali kwa mazoezi, ushirika ulianza kukutana Ijumaa saa ya mapumziko katika chumba cha mashuka, mwisho wa wodi ya wanaume. Kilikuwa chumba chembamba chenye rafu hadi darini na harufu ya sabuni ya unga. Ruhusa hawakuwa nayo. Walikuwa na kawaida tu: mmoja hubaki wodini na wengine huomba. Mama Mlezi alijua, na akiwa na nafasi alikuja kuwaongoza.

Ijumaa ile mitihani ilikuwa imekaribia. Mwenyekiti alisema leo hakuna wa kubaki, wote waingie, Mama anakuja.

Swali alikuwa amepangiwa kumwangalia fundi redio, mzee mwembamba aliyelazwa kwa ugonjwa wa kifua, akipumua kwa mtungi wa oksijeni. Mzee yule alimwita daktari. Swali akimwambia mimi ni mwanafunzi tu, mzee alivuta pumzi akajibu, "Basi, daktari mwanafunzi. Ukifuzu utaniondolea hilo neno la pili." Muuguzi wa zamu alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji. Mshale wa mtungi ulikuwa umeshuka karibu na nyekundu, na mtungi mwingine uliojaa ulikuwa pale pale ukutani, wa kubadilisha tu.

Swali alisimama mlangoni pa chumba cha mashuka, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mama, mtungi wa mzee wangu unakaribia kwisha."

Mama Mlezi alikuwa ameshafumba macho. Aliyafumbua, akamtabasamia.

"Dakika chache tu, mwanangu. Ingia. Mungu analinda."

Swali akaingia, mlango ukafungwa.

Dakika chache zilirefuka. Mwenyekiti aliomba na wengine wakafuata, mmoja akalia kwa ajili ya mama yake, wakamwimbia wimbo wa kumtuliza, wakaimba na wa pili. Mama Mlezi mwenyewe alijisikia amejaa amani, hata akasahau yuko hospitali. Walipotoka walikuwa wanafuta machozi na kucheka kidogo, kama watu waliotoka kuoga.

Fundi redio alikuwa amelala ubavu, barakoa imevutwa hadi shingoni, mkono mmoja unaning'inia upande wa mtungi. Swali alikimbia. Alibadilisha mtungi, akaweka barakoa, akampandia kitandani akakandamiza kifua mpaka daktari alipofika na kumshika bega. "Inatosha, kijana. Shuka."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyefungwa mguu juu kwa kamba na asiyeweza kuinuka, alikuwa anatazama dari.

"Niliita," alisema. "Nimeita sana. Mlikuwa mnaimba."

Mgonjwa huyo aliruhusiwa kurudi kwao kesho yake, wala hakuna aliyekuja kumuuliza lolote.

Jioni ile walikusanyika kwa Mama Mlezi bila kuitwa. Mzee Benchi alipoona nyuso zao alichukua kofia yake akatoka. Msichana mmoja alikuwa anatetemeka hata kikombe kikagonga meno yake.

Mwenyekiti ndiye aliyesema kwanza. "Wakijua tulikuwa chumba cha mashuka, ushirika utafungwa. Sisi wote tutafukuzwa. Na Mama pia."

"Twende tuseme," Swali alisema. "Sasa hivi. Mkuu wa chuo anakaa hapo nyuma tu."

Wote wakamgeukia Mama Mlezi. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake. Alijua la kusema, kwa sababu amewahi kulisema katika sebule hii hii, mara nyingi, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Lakini kulisema ukiwa umeshiba na kulisema koo limekauka ni mambo mawili. Alifikiria kazi yake. Alifikiria mume wake atakavyosikia. Na kusema kweli, alifikiria pia vijana wale, maisha yao yote yaliyokuwa bado hayajaanza.

"Tusifanye jambo kwa pupa," alisema. "Tuombe kwanza. Tumsikilize Mungu, halafu Jumatatu tutajua la kufanya."

Wakapiga magoti. Swali hakupiga. Alikaa kwenye benchi amekodoa macho ukutani, na walipomaliza alikuwa amekwisha kuondoka.

Alikwenda kwa mkuu wa chuo usiku ule ule, akaeleza yote: chumba, nyimbo, mtungi, na mguu wake uliokuwa nje halafu ukaingia ndani. Kitu kimoja hakukitaja, maneno aliyoambiwa mlangoni. Alisema tu, "Niliingia."

Jumatatu kamati iliketi. Wanafunzi waliitwa mmoja mmoja. Kumbe siku mbili zile za kumsikiliza Mungu zilitumika vizuri. Mwenyekiti alikuwa amezunguka mabweni yote. Kila aliyeingia alisema hakukuwa na maombi yoyote, walikuwa kwenye vitanda vya wagonjwa wao au kwenye chakula, na Swali aliondoka wodini mwenyewe bila kuaga. Walisema kwa upole, kwa masikitiko, wengine wakiongeza kwamba wanamwombea.

Mama Mlezi aliitwa mwisho.

"Mama," mkuu wa chuo aliuliza, "Ijumaa ulikuwa katika chumba cha mashuka na hawa wanafunzi?"

Alikuwa amejiandaa kusema ndiyo. Njiani alikuwa amelirudia neno hilo kama mtoto aliyetumwa dukani. Lakini alipoona namna wote pale mezani walivyomtazama kwa matumaini, wakitaka mambo yaishe, ulimi ulimgeuka.

"Nilipita," alisema.

"Ulipita tu."

"Nilipita."

Swali alifukuzwa chuo siku hiyo hiyo. Alitoka na sanduku lake la bati kichwani, na wenzake waliokuwa uwanjani wakawa na shughuli nyingi za ghafla, huyu anafunga kamba ya kiatu, yule anatafuta kitu mkobani.

Mama Mlezi hakupata usingizi wiki ile. Mwishowe alimwambia mume wake yote, pamoja na lile neno moja. Mzee Benchi alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Aliacha, akapuliza vumbi.

"Na sasa unataka nikuambieje?"

"Sema lolote."

"Sina," alisema. "Nimetengeneza mabenchi. Ulichowafundisha wakiwa wamekalia, ulikijua wewe." Kisha akaona uso wake, akaweka msasa chini. "Nenda kaseme, mke wangu. Umechelewa, lakini nenda."

Akaenda. Mkuu wa chuo alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Halafu aliinuka akafunga dirisha.

"Mama yangu, faili limefungwa. Familia imezika, imeambiwa moyo ulisimama, imeridhika. Ukifungua jambo hili leo, hospitali inatufukuzia wanafunzi wote. Wote, si hao wako tu. Watajifunzia wapi, kwenye magogo?"

"Na kijana?"

"Kijana mwenyewe amekiri aliacha mgonjwa. Hata ukiongeza watu kumi, yeye aliacha mgonjwa." Akamfungulia mlango. "Uliitwa siku yake, ukasema ulipita. Basi pita."

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye mkutano wa ushirika. Sasa walikutana ukumbini, si kwake tena. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Mwenyekiti alikuwa anatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyouvusha ushirika katika moto, na watu walikuwa wanapiga makofi. Mama Mlezi alisimama katikati ya viti. Alisema, "Wanangu, tulimwacha mtu afe, halafu tukamwacha mwenzetu abebe. Mimi wa kwanza." Sauti yake ilikuwa ndogo. Msichana yule wa kikombe akainua uso. Lakini Mwenyekiti alisema kwa huruma, "Mama amechoka, tumwinue katika maombi," akaanzisha wimbo, nao wakaimba. Waliimba vizuri, kwa sauti nne, kama alivyowafundisha. Alitoka wakiwa ubeti wa pili.

Nyumbani kwa kina Swali ilikuwa chumba kimoja na kibaraza. Mama yake alikuwa dobi wa nyumba ya wageni; alimkuta anapiga pasi, mashuka yamepangwa kwenye meza kama ngazi. Hakumkaribisha kiti, wala hakumfukuza.

"Wewe ndiye yule Mama," alisema. "Alikuwa akija likizo, ni Mama amesema hivi, Mama amesema vile. Nikawa naona wivu, mimi niliyemzaa."

"Dada yangu, nimekuja kuomba..."

"Ngoja." Aligeuza shuka. "Ulimfundisha aseme kweli. Sawa. Hata mimi nilimfundisha, kwa fimbo. Lakini mimi nikimwambia mtoto aruke mto, mimi nipo upande wa pili nimenyoosha mikono. Wewe ulikuwa wapi?"

Mama Mlezi alishusha macho kwenye mashuka.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," dobi alisema, bila hasira, kama mtu anayesema hali ya hewa. "Yuko kwenye matofali, nyuma ya soko. Mwambie chakula kipo."

Kwenye uwanja wa matofali Swali alikuwa anachota mchanga kwa koleo, na mwingine anashindilia kwenye kalibu ya matofali. Alikuwa amekonda, na saruji imemkausha nyusi zikawa nyeupe. Alipomwona aliegemeza koleo, akaja, akamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo, Mama," na heshima ile ndiyo iliyomuumiza.

Alimweleza alichosema mbele ya kamati, na alichokwenda kusema baadaye, na jibu alilopewa. Swali alisikiliza.

"Nilijua ulisema ulipita," alisema. "Waliniambia."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe. Si hilo." Alijaribu kupangusa mikono, lakini suruali ilikuwa na saruji kuliko mikono yenyewe. "Mama, nikifumba macho namwona yule mzee. Kwa hiyo siombi. Sijakasirika, siombi tu. Nikianza kusema Baba, nasikia mtu anaita kitanda cha pili."

Zamani angepata mstari wa Maandiko wa kumpa. Ulikuwepo, hata aliuona unakuja. Aliona aibu akaumeza.

"Hukuwaambia nilichokuambia mlangoni," alisema.

"Miguu ilikuwa yangu."

Lori likaingia, mwenye uwanja akapiga mluzi. Kabla hajarudi kwenye koleo Swali aliuliza, na lilikuwa swali lake la kwanza tangu siku ile: "Binti wa yule mzee anajua?"

"Aliambiwa moyo ulisimama."

"Basi twende. Mimi na wewe. Peke yangu siwezi."

Walikwenda Jumatano. Binti wa fundi redio alikuwa mshonaji, mwanamke wa makamo mwenye futi shingoni. Chumba cha mbele alikuwa bado hajakigusa: redio za baba yake zilikuwa rafuni, migongo wazi, nyaya nje, kila moja na kikaratasi cha jina la mwenyewe. Alimtambua Swali mara moja.

"Daktari mwanafunzi!" Uso ukamng'aa. "Baba alikusema sana. Karibuni, karibuni. Ngoja niondoe vitambaa."

Swali hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayekabidhi zamu: mshale ulikuwa wapi, mtungi mwingine ulikuwa wapi, mlango ulifungwa, mkono ulikuwa upande gani. Ikawa zamu ya Mama Mlezi, akasema la kwake. "Alitaka kubaki. Mimi ndiye niliyemwambia aingie. Nilimwambia Mungu analinda."

Mshonaji alikuwa ameshika mkasi. Aliuweka mezani taratibu, akausogeza mbali, akausogeza mbali tena.

"Mlikuwa mnaomba nini?"

Swali alitazama redio rafuni.

"Nauliza tu. Baba yangu anakata roho, mnaomba. Mlikuwa mnaomba nini?"

"Tulikuwa tunawaombea wagonjwa," Swali alisema.

Mwanamke alimtazama muda mrefu. "Na yeye mlimtaja?"

"Nilimtaja mimi. Kwa jina lake."

Mshonaji alifungua mdomo, ikatoka sauti ambayo Mama Mlezi alidhani ni kicheko, haikuwa kicheko. Alijishika kwenye mashine yake ya kushonea. Swali akapiga hatua kumsogelea, yule mwanamke akainua kiganja.

"Nendeni," alisema. "Sijui niwafanye nini. Nendeni kabla sijajua."

Alikuja kujua. Alikwenda hospitali, akaenda na kwingine, na mambo yakafumuka. Mama Mlezi alisimamishwa kazi, kisha akaachishwa. Ushirika ulipigwa marufuku, kama Mwenyekiti alivyohofia. Lakini yeye alikuwa ameshafuzu na kupata kazi hospitali nyingine, na wanasema ni muuguzi mzuri. Swali aliandikiwa kwamba hakuna sababu ya kubadili uamuzi wa awali. Mshonaji mwenyewe hakupata zaidi ya barua ya pole. Mama Mlezi alikutana naye sokoni mara moja, wakatazamana juu ya mafungu ya vitunguu, na mshonaji akageuka akapita njia nyingine.

Jumamosi sebule ilikuwa tupu. Mzee Benchi aliyahamishia mabenchi karakana, akawa anaweka mbao juu yake, wala hawakulizungumzia jambo hilo. Jumapili alikwenda kanisani na mke wake, akashika kitabu cha nyimbo kwa ajili ya wote wawili, akaimba peke yake.

Mama Mlezi sasa huenda uwanja wa matofali mara kwa mara, mchana, na chakula alichotumwa na dobi. Swali hula akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Siku nyingine Mama Mlezi hushika mkebe akamsaidia kumwagia maji matofali mabichi ili yasipasuke kwa jua. Hamwambii kitu juu ya Mungu, na yeye haulizi.

"Mnaongea nini huko?" mume wake alimuuliza.

"Matofali," alijibu, akaenda kunawa mikono.